Korongo wa Mnyororo wa Baiskeli

[Muziki wa kufungua, kisha unashuka taratibu]

Leo tunazungumza juu ya vyuma chakavu: jinsi mtu anavyochukua mnyororo uliokatika, spoki zilizopinda na jembe lililokwisha, akaviunganisha kwa moto wa umeme mpaka vikawa ndege, mnyama au mtu. Kiswahili cha vitabuni kinasema kuchomelea. Sisi huku tumezoea kusema kusudira. Utayasikia maneno yote mawili, maana yake ni moja.

Mada hii imetokana na maswali yenu. Tangu pesa za chakula zipungue, vijana wengi wanaokota vyuma na kuwauzia wanunuzi wanaopita na mizani. Mnunuzi anapima, anataja kilo, anatoa sarafu, anaondoka. Kwake mnyororo wa baiskeli ni uzito tu. Sasa kuna vijana wanaouliza: wale wanaotengeneza sanamu kwa vyuma hivyo hivyo, wao wanafanyaje, na sisi tunaweza?

Tuanzie Nyarutarama. Kama hujafika, ni mtaa wa Kigali, wilaya ya Gasabo, wenye nyumba kubwa, kuta ndefu, uwanja wa gofu na ziwa dogo bondeni. Nilipita huko kwa miguu na watangazaji wenzangu wakati wa mafunzo. Nyuma ya geti moja tukaona korongo wawili wenye taji, ndege ambaye Wanyarwanda na Warundi wanamwita umusambi. Walikuwa wametulia mno. Tuliposogea tukaona shingo ni mnyororo, mabawa ni majembe, na lile taji la kichwani ni spoki za gurudumu.

Korongo hao wana historia nyuma yao. Kwa miaka mingi katika miji ya Rwanda, watu wenye uwezo na baadhi ya hoteli walikuwa wanafuga umusambi wa kweli bustanini. Makinda yalichukuliwa kwenye vinamasi, yakakatwa manyoya ya mabawa, mengine yakavunjwa mabawa kabisa ili yasiruke. Ndege wa porini wakazidi kupungua. Kuanzia mwaka 2014 daktari wa wanyama Olivier Nsengimana, pamoja na shirika aliloanzisha, Rwanda Wildlife Conservation Association, wakishirikiana na serikali, waliwaandikisha ndege hao na kuwatoa majumbani. Zaidi ya 200 waliokolewa. Wazima walipelekwa hifadhi ya Akagera, na wale wasioweza tena kuruka wanaishi Kigali, mahali panapoitwa Umusambi Village. Kwa hiyo mtu wa Nyarutarama anayetaka korongo bustanini kwake leo, korongo wake halali ni wa chuma. Hapo ndipo fundi anapata kazi.

[Sauti ya mashine ya kusaga chuma, sekunde tano]

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wanadhani siri ya sanamu ni kujua kuchomelea. Wanaojua kuchomelea ni wengi. Nenda Agakiriro ya Gisozi, hapo hapo Kigali, utawakuta wengi sana wakitengeneza milango na madirisha, na mshono wao ni safi. Siri ni kuchagua vipande. Mtu anayetazama sanamu ya vyuma anaona vitu viwili kwa mara moja: anaona korongo, na anaona baiskeli. Macho yake yanaruka huku na huku, anacheka, anaita mtoto aje aone. Hicho ndicho anacholipia. Ukisaga mnyororo mpaka usijulikane kuwa ni mnyororo, umefuta nusu ya kazi yako. Mimi binafsi sielewi wanaomaliza sanamu nzuri kisha wanaipaka yote rangi ya dhahabu.

Wako wasanii wakubwa wa kazi hii katika nchi zetu. Nairobi yuko Kioko Mwitiki, ambaye ametengeneza wanyama kwa vyuma chakavu tangu miaka ya 1980, pamoja na tembo wenye ukubwa wa tembo wa kweli. Kazi yake ilikulia katika mazingira ya mafundi wa jua kali.

Kwetu Kongo yuko Freddy Tsimba, mzaliwa wa Kinshasa, mwaka 1967. Alisoma sanaa katika chuo cha Kinshasa, kisha akajifunza moto kwa mafundi wa chuma. Yeye anachomelea maganda ya risasi. Anakusanya maganda matupu katika sehemu zilizopita vita, anayaunganisha moja moja mpaka yanakuwa mwili wa mama mjamzito, au wa mtu anayekimbia. Ametumia pia vijiko, funguo, mitego ya panya, na amejenga nyumba nzima kwa mapanga. Kati ya mwaka 2020 na 2021 kazi zake zilionyeshwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, lile lile lililojaa vitu vilivyotolewa Kongo wakati wa ukoloni.

Na Msumbiji, baada ya vita vilivyoanza mwaka 1977 na kwisha mwaka 1992, silaha zilibaki zimefukiwa mashambani na kufichwa majumbani. Mwaka 1995 Baraza la Makanisa la nchi hiyo, likiongozwa na Askofu Dinis Sengulane, lilianza kuwaambia watu: lete bunduki, chukua jembe, au baiskeli, au cherehani. Bunduki zilikatwa, na baadhi ya vipande wakapewa wasanii. Mwaka 2001 msanii anayeitwa Kester akatengeneza kiti kwa vipande vya silaha, na mwaka uliofuata Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, likakinunua. Ukikaa mbele yake unaona kiti, na unaona AK-47. Kipande hakikufichwa. Ni jambo lile lile la korongo na baiskeli, ila hapa hakuna anayecheka.

Lakini naomba nieleweke, hasa na watoto wanaosikiliza. Maganda ya Freddy Tsimba ni matupu, na bunduki za Msumbiji zilikatwa na watu waliofundishwa. Wewe ukikuta risasi, bomu, au chuma chochote cha vita usichokijua, usikiguse, usikipige teke, usikitie motoni. Rudi kwa njia uliyojia, umwambie mtu mzima, na mtu mzima awaambie polisi.

Turudi kwenye kazi. Kwanza, kutambua vyuma. Chukua sumaku, ukivunja spika mbovu ya redio utaipata ndani. Sumaku ikishika, mara nyingi hicho ni chuma kinachochomelewa kwa mashine ya kawaida. Isiposhika, huenda ni alminiamu, kama sufuria, au shaba. Hivyo viweke pembeni, havikubali moto wa chuma, viuze kwa kilo bila kusikitika. Kuna pia chuma cha kusubu, kizito na chenye chembechembe kinapovunjika, kama mwili wa injini kuukuu. Sumaku inakishika, lakini ukikichomelea kinapasuka kinapopoa. Tumia kama kitako cha sanamu, ukikifunga kwa bolti. Makopo ya mafuta ya kula ni membamba mno, moto unayatoboa. Hayo ni ya mkasi na nyundo.

Vipande vizuri ni vipi? Pikipiki za Kigali zinatupa kila wiki minyororo, gia, sahani za klachi na diski za breki. Baiskeli zinatupa spoki, pedeli, mipira ya beringi. Shamba linatupa majembe. Jembe lililolimwa mpaka likabaki nusu lina umbo ambalo fundi hawezi kulitengeneza kwa makusudi. Limechorwa na udongo wenyewe. Bawa la korongo linataka majembe manne au matano yaliyopangwa kama vigae, la juu likifunika la chini.

Mashine ya kusudira inafanya kazi hivi. Waya mmoja unabanwa kwenye chuma, mwingine unashika elektrodi, yaani kijiti cha chuma kilichofunikwa na unga mgumu. Ukigusa na kuinua kidogo, umeme unaruka katikati. Mruko huo una joto la maelfu ya digrii, na chuma kinayeyuka karibu na digrii 1,540. Kijiti kinayeyuka, kingo za pande zote mbili zinayeyuka, vinachanganyika, vinaganda kuwa kitu kimoja. Ule unga unatoa moshi unaokinga chuma kisiharibiwe na hewa, kisha unabaki juu kama gaga, unaligonga, linatoka. Ndiyo maana kutu, rangi na grisi lazima viondolewe kwanza. Usipoviondoa, vinaingia ndani ya mshono, nao unakuwa na matundu kama mkate.

Korongo mwenyewe anaanza chini, sakafuni, kwa chaki. Mchore kwa ukubwa wake wa kweli, kama mita moja kwenda juu. Weka vipande juu ya mchoro bila kuchomelea chochote. Badilisha, ondoa, rudisha. Kaa siku mbili ukitaka. Miguu ni nondo ya milimita 10 au 12, iliyokunjwa kidogo pale kwenye goti. Kitako ni diski ya breki au bamba zito. Mnyororo wa shingo uoshwe kwa maji ya moto na sabuni, ukaushwe juani siku nzima, kisha ulazwe chini kwa umbo la shingo na kila kiungo kichomelewe nukta moja. Ukiinua, hautalegea tena.

Taji ndilo linalowashinda wengi. Spoki ina unene wa kama milimita 2. Ukiichomelea peke yake inakatika kama mshumaa. Mafundi wanafanya hivi: wanakata spoki 20 au 30 kwa urefu mmoja, wanazisukuma zote pamoja ndani ya tundu la nati kubwa mpaka zibane, halafu wanachomelea kwa nyuma, mahali ambapo ncha zote zimekutana kama kichwa cha fagio. Moto unapata chuma kingi cha kula, hauli spoki moja. Baadaye unazipanua kwa vidole, moja moja. Hiyo nati ndiyo kisogo.

Mara ya kwanza usichomelee moja kwa moja. Shikiza kila kipande kwa nukta ndogo, kisha zima mashine, rudi nyuma hatua kumi, utazame. Korongo akionekana kama bata, vunja nukta, sogeza shingo. Nukta inavunjika kwa pigo moja la nyundo. Mshono kamili unataka kukatwa kwa mashine na unaharibu kipande. Angalia pia uzito. Funga jiwe kwenye uzi, uning'inize kutoka kifuani kwa ndege: jiwe lianguke katikati ya kitako. Likianguka nje, ndege huyo siku moja atamwangukia mtoto.

[Muziki mfupi]

Nimesema nitazungumza pia juu ya mwili wako. Tuanze na macho. Mwanga wa kusudira una miale isiyoonekana inayounguza jicho kama jua linavyounguza ngozi, ila kwa sekunde chache tu. Ubaya wake ni kwamba huumii palepale. Unamaliza kazi, unakula, unalala. Usiku wa manane unaamka macho yamejaa kitu kama mchanga, yanatoa machozi, hayavumilii taa. Hapo tafadhali usitie maziwa, wala viazi, wala dawa ya jirani. Weka kitambaa cha maji baridi juu ya kope, kaa gizani, asubuhi nenda kituo cha afya. Miwani ya jua haikingi, hata ziwe mbili. Kinachokinga ni kioo cha kuchomelea, namba 10 au zaidi, kwenye ngao inayofunika uso wote. Na watoto wanaosimama kutazama cheche hawana ngao. Mama, ukimwona mtoto wako amesimama mbele ya karakana, mwite.

Pili, mabati na mabomba yaliyopakwa zinki. Zinki ikiungua inatoa moshi mweupe. Ukiuvuta, saa chache baadaye unatetemeka, homa inapanda, kichwa kinauma, viungo vinauma. Utasema ni malaria. Ukifika kituo cha afya, mwambie muuguzi kwamba ulikuwa unachomelea mabati. Neno hilo moja litamsaidia asikutibu ugonjwa mwingine. Njia nzuri zaidi ni kusaga zinki yote mahali pa kuunganishia, kufanya kazi nje, na kusimama upande upepo unakotoka.

Tatu, kitu chochote kilichofungwa. Shokomzoba, ambayo wengine tunaiita amotiseri, ina mafuta na gesi ndani. Tangi la pikipiki, hata likiwa tupu kwa miezi, lina mvuke wa petroli. Mtungi wa gesi, kopo la dawa ya kupuliza, hata bomba lililozibwa ncha mbili: ukivitia moto vinaweza kulipuka usoni kwako. Viache, hata kama umbo lake ni zuri namna gani.

Jambo jingine halihusu moto, lakini limewapeleka watu jela. Chuma kilicholala chini si lazima kiwe chakavu. Vyuma vya nguzo za umeme, vizuizi vya kando ya barabara, vifuniko vya mitaro, mita za maji, milango ya vyoo vya kambi, hivyo vina mwenyewe. Rwanda inawafuatilia wanaoviiba na wanaovinunua pia. Ukinunua vyuma kwa mtu, andika tarehe, kitu ulichonunua na jina lake, na umwombe asaini. Kwa mkimbizi kesi ya wizi ni nzito kuliko kilo zote ulizobeba.

Tuje kwenye bei. Usimwambie mnunuzi bei kwa kutazama nyumba yake. Hesabu: vyuma, usafiri, elektrodi, umeme au kodi ya karakana, diski za kusagia, vanishi, na siku zako zote, pamoja na zile mbili ulizokaa ukipanga vipande sakafuni. Hizo ndizo vijana wengi wanazisahau, na ndizo zenye thamani kubwa. Duka la sanaa likikuomba uiache sanamu ili walipe ikiuzwa, ni utaratibu wa kawaida duniani kote, lakini usiondoke mikono mitupu. Piga picha ya sanamu kwa simu, na upate karatasi inayosema bei, sehemu yao, sehemu yako, na siku ya mwisho ya kuirudisha isipouzwa. Anayekataa kuandika hayo, beba korongo wako uende.

Na umalize kazi vizuri kabla hajaiona. Saga ncha zinazokwaruza, sugua kwa brashi ya waya, paka vanishi isiyo na rangi mara mbili. Bila hivyo, mvua za masika zitamwaga kutu kwenye sakafu nyeupe ya mteja, na hatakuita tena.

Nafasi imebaki ya swali moja, na ndilo mlilouliza wengi: huku kambini umeme wa kuendesha mashine ya kusudira hatuna, taa za sola hazitoshi hata kidogo. Tufanye nini?

Gawa kazi sehemu mbili. Kuchomelea kwenyewe, kama kila kipande kimekatwa, kimesafishwa na kinajulikana mahali pake, kwa korongo mmoja si kazi ya siku nyingi. Yaliyobaki yote yanafanyika hapa bila umeme: kutafuta, kuchagua, kukata kwa msumeno wa chuma, kulainisha kwa tupa, kusugua kutu, kuosha mnyororo, kupanga juu ya mchoro. Mchoro usichore sakafuni basi, chora kwenye gunia lililofunguliwa, kwa mkaa. Andika namba kwenye kila kipande na namba hiyo hiyo kwenye gunia. Ukipata kibali cha kutoka, funga vipande ndani ya gunia lile lile, nenda kwa fundi wa mjini, mpatane bei ya saa badala ya bei ya sanamu. Unatandika gunia chini, unapanga kwa namba, yeye anashikiza nukta, wewe unarudi nyuma hatua kumi na kumwambia shingo isogee wapi. Ngao muwe nazo mbili, yake na yako.

Na kama hata hiyo haiwezekani mwezi huu, anza na bolti na waya wa kufungia nondo. Mabawa ya majembe yanakubali bolti, kwa sababu jembe linalofungwa kwa bolti tayari lina matundu. Taji linakubali kubanwa ndani ya nati kwa nyundo, bila moto wowote.

[Muziki wa kufunga]